Supu ya Aliyezaa

Kuna harufu moja ambayo majirani zangu hapa mjini Wote huilalamikia sana, na mimi huifuata kwa pua mpaka nijue inatoka kwa nani. Ni harufu ya mguu wa mbuzi ukichomwa manyoya kwenye moto wa kuni. Wengine hufunga madirisha na kuuliza ni nani anachoma viatu. Juzi ilinikuta nyuma ya soko, nikasimama pale na mkoba wangu wa kazi mpaka mama mwenye kibanda cha supu akaniuliza kama nimekuja kula ama nimekuja kumtazama. Nikaketi. Akaniletea bakuli, nikaonja, nikamwambia, "Mama, supu ni nzuri lakini umeiharakisha." Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. Simlaumu, lakini kuhusu supu mimi sijui kunyamaza, maana nililelewa na mwanamke ambaye supu yake ya leo ilianza kuchemka jana.

Mwanamke huyo ni Susu, nyanya yangu, mama yake baba. Boma letu lilikuwa upande wa juu wa Tawa, nyumba ya Baba na Mama huku, nyumba ya Susu kule, na jiko katikati, lenye paa la bati lililotoboka kiasi kwamba mvua ikianza kila mtu alijua sufuria yake aiweke wapi. Mimi ndiye binti wa kwanza, kwa hivyo kwa desturi yetu nilipewa jina la Susu, naye hakuwahi kuniita mjukuu. Aliniita wajina. Akinichapa alisema amejichapa mwenyewe, kisha anacheka peke yake huku mimi nalia. Wenzangu wa rika langu mnawajua nyanya wa aina hiyo, na najua mnawakosa kama ninavyomkosa wangu.

Supu yake haikuwa ya kila mtu. Ukiwa na homa alikupa uji. Ukiwa na njaa alikuonyesha sufuria ya maharagwe na kukuambia usimsumbue. Supu ilikuwa ya mwanamke aliyezaa, basi. Habari ikifika kwamba fulani amejifungua, Susu alitoa chungu chake kidogo cheusi, akatafuta mguu wa mbuzi, akauchoma manyoya, akaugonga kwenye jiwe mpaka kwato ikachomoka, akauparura kwa kisu mpaka ukawa mweupe kama kucha. Kisha alivuka mto kwenda kutoa gome la mukenea, ule mti wenye miiba minene kwenye shina na majani yanayonukia ndimu. Alitoa upande jua linapochomoza tu, kipande kidogo, na aliuambia mti asante. Chungu kilikaa motoni mchana na usiku. Asubuhi alichukua kijiti chake cha kupekecha, kile chenye vitawi vifupi mwishoni, akakizungusha kati ya viganja mpaka supu ikapanda povu. Hakupima kitu. Nikimuuliza chumvi ni ngapi alisema, "Mpaka itoshe." Maji je? "Si unaona chungu?"

Nilimfuata kila alipopeleka chungu hicho. Watoto hatukuruhusiwa kuingia chumbani, kwa hivyo nilibaki mlangoni nikichora chini kwa kidole. Susu aliingia na supu. Mlango ulifungwa. Kidogo tu, huko ndani, kichanga kikalia. Nyumba hii hivyo, nyumba ile hivyo. Sasa niambie wewe, ukiwa darasa la tatu na akili yako ni timamu, utaelewa nini? Mimi nilielewa kwamba supu ya Susu ndiyo huleta watoto. Watu wazima walituambia watoto hununuliwa hospitali, lakini zahanati niliijua vizuri, palikuwa na benchi, sindano na mwanamume mkali wa kutoa vidonge, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa anauzwa. Habari ya supu nilikuwa nimeishuhudia kwa masikio yangu.

Kisha ikawa zamu ya nyumba yetu. Tumbo la Mama nililiona, na nilipouliza niliambiwa amekula mahindi mengi, nami nikaridhika kwa sababu hata mimi mahindi yalinifanya hivyo. Lakini niliona kanga mpya zikikunjwa kwenye sanduku, na Susu akimpapasa Mama mgongo kila jioni, nikajua mambo yako njiani. Tatizo likawa shangazi. Shangazi, kitinda mimba wa Susu, alikuwa ameolewa mbali huko Mwingi, na yeye alijifungua mapema. Susu akafunga chungu chake kwenye kiondo pamoja na kijiti cha kupekecha na kuku mmoja, akamwambia Mama atarudi kabla ya siku zake kufika. Huko Mwingi shangazi akashikwa na homa, na Susu hakurudi.

Siku za Mama zikafika kabla yake. Baba alimpeleka hospitali huku mjini Wote alfajiri, mimi nikaachwa kwa jirani yetu Mama Kyalo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Waliporudi, Mama alishuka garini polepole, Baba amemshika kiwiko. Mikono yake ilikuwa mitupu. Aliingia ndani, akalala, akageukia ukuta. Baba alikaa nyumbani siku chache akipasua kuni ambazo hazikuhitajika, kisha ikabidi arudi Emali kwenye kazi ya mjengo, walikokuwa wanamngoja. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilisikia tu watu wakinong'ona "bahati mbaya," na mimi nikadhani ni bahati mbaya kwamba Susu hayupo.

Kina mama wa kanisa walikuja. Waliketi kwenye viti vilivyopangwa kando ya ukuta, wakaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini, wakaomba, wakasema Mungu anajua, wakaondoka. Hakuna aliyeleta chungu. Nilikuwa nimesimama njiani nikiangalia kila kichwa kinachokuja, kwamba pengine huyu amebeba. Wapi! Mama Kyalo alileta ugali na mboga, na jioni aliubeba vile vile, umekauka juu. Kesho yake hivyo hivyo. Mama hakula. Alikunywa maji kidogo na kurudi ukutani, na kifua cha nguo yake kilikuwa kimelowa kila nilipoingia, nikadhani ni maji anayomwaga kwa kukosa nguvu ya kushika kikombe. Uso wake ulikuwa unaisha. Mimi niliogopa, nawaambia ukweli. Niliogopa mpaka nikawa siendi kucheza.

Nikafikiri. Supu haikuja, ndiyo maana mtoto hajaja. Mtoto hajaja, ndiyo maana Mama hali. Ilikuwa wazi kabisa, na nilishangaa watu wazima wote wale na Biblia zao hawaoni. Sasa kama Susu yuko Mwingi, na mimi ndiye wajina wake, basi si ni mimi?

Nilichukua mayai matatu ya kuku wangu nikaenda kwa mwenye bucha. Alikuwa mtu mrefu mwenye aproni nyeupe iliyosahau kwamba iliwahi kuwa nyeupe.

"Nataka mguu wa mbuzi."

"Nani amekutuma?"

"Susu."

"Susu wako si ako Mwingi? Mimi mwenyewe nilimshikia kuku akipanda gari."

"Amenituma kutoka huko."

"Haiya! Amekutuma na nini? Na upepo?" Wanaume waliokuwa wameketi hapo wakacheka, naye akapiga meza kwa furaha. "Na huo mguu ni wa nani, mheshimiwa?"

"Ni wa Mama."

Aliacha kucheka. Akanitazama, akachukua miguu miwili, akaifunga kwa gazeti. Nilipompa mayai aliyarudisha mikononi mwangu moja moja, asije akayavunja, akasema, "Haya rudisha nyumbani, mkapike." Sikujua kwa nini sauti yake imebadilika. Nilitoka mbio kabla hajabadilisha nia.

Kuchoma manyoya niliweza. Kutoa kwato nilihangaika, nikagonga jiwe na kidole pamoja, lakini ilitoka. Ubaya ulianzia kwa gome. Mukenea ulikuwa ng'ambo ya mto, ndani ya kichaka ambacho tulikatazwa kwenda peke yetu, na ile miiba mimi niliifahamu. Kando ya ua wa kanisa kulikuwa na mwarobaini. Nikajiambia dawa ni dawa, Susu mwenyewe husema mwarobaini unatibu kila kitu. Nikabandua gome upande jua linapochomoza, tena kipande kikubwa, nikauambia mti asante kwa adabu zote.

Niliweka vyote kwenye sufuria, kwa sababu chungu kilikuwa Mwingi, nikajaza maji na kuketi kuchochea moto. Mama Kyalo alikuwa shambani. Baada ya muda mrefu nilionja. Mungu wangu! Ulimi ulikunjamana, masikio yakaniuma. Hapo ndipo nilipoanza ufundi wangu mwenyewe. Kwanza niliongeza maji. Kisha nikaongeza sukari, vijiko vya kutosha, mpaka itoshe kama alivyosema Susu. Ikawa chungu na tamu, kila moja kivyake, hazitaki kuchanganyika. Halafu nikakumbuka supu ya Susu ilikuwa nzito, inashika midomo, na hii yangu ilikuwa maji tu. Wenyeji wa Makueni mtajua nilichofanya. Nilitia mbaazi. Kavu, konzi mbili, dakika ya mwisho.

Kijiti cha kupekecha pia hakikuwepo. Nikavunja tawi la mpera lenye vitawi mwishoni, nikalimenya, nikazungusha kati ya viganja hadi vikaota malengelenge. Povu likapanda. Lilikuwa la rangi ya kijani kibichi kidogo, lakini lilikuwa povu, na nilifurahi sana.

Nikafagia chumba cha Mama kwanza. Nikatoa kanga moja kwenye sanduku, nikaikunja mara nne, nikaiweka kwenye kona ya kitanda, mahali mtoto atalala. Kisha nikaleta bakuli la bati, nimelishika kwa mikono miwili.

Mama alisikia harufu akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akigeuka.

"Susu amerudi?"

"Hapana. Ni mimi."

Aliinuka akaketi, mgongo kwenye ukuta. Alitazama bakuli, akanitazama mimi na viganja vyangu. Kabla hajanyoosha mkono, mlango ulifunguliwa, Mama Kyalo akaingia na jembe lake bado begani.

"Ni nini hii nanusa mpaka huko chini? Ai! Wewe mtoto, nani amekuambia upike hii kitu?"

"Hakuna."

"Hii ni ya mzazi! Unajua kazi yake? Hii inaleta maziwa! Unataka maziwa yamjae hapo na hakuna wa kunyonya? Unataka kumuua mama yako na uchungu?" Alikuwa analia yeye mwenyewe, sasa ninajua, lakini wakati huo niliona tu mkono mkubwa unaokuja kuchukua bakuli langu.

"Mama Kyalo, wacha," Mama akasema.

"Lakini mama, hajui anachofanya. Ni mtoto tu."

"Si nimezaa?"

Mama Kyalo akarudisha mkono.

"Nakuuliza wewe. Mimi sikuzaa? Ile kitanda ya hospitali nililala nikifanya nini usiku mzima? Wewe ulizaa Kyalo, ukaletewa. Kila mama wa hii kijiji amezaa akaletewa, na nilikuwa napeleka mimi, nikibeba kuni na mgongo wangu. Mimi nimeletewa maombi." Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekaa siku nyingi bila kutumika. "Maziwa yako tayari, Mama Kyalo. Yako tangu juzi. Hayakungoja supu."

Akachukua bakuli kutoka mikononi mwangu. Mama Kyalo alisimama pale, akashusha jembe, akatoka. Mama akanywa fundo la kwanza, akafumba macho, na uso wake wote ukajikunja.

"Umetia sukari?"

"Kidogo."

Akanywa tena. Akatafuna. "Na hii ni mbaazi?"

"Ni ya kufanya iwe nzito."

"Haijaiva."

"Nilichelewa."

"Na hii uchungu ni ya nini?"

"Ni dawa," nikasema.

Kitu kikamtoka kifuani, sikujua ni kicheko au ni kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Machozi yalishuka kwenye pande mbili za pua yakaingia kwenye bakuli, naye akaendelea kunywa. Alitafuna zile mbaazi mbichi moja moja, akaguguna mguu mpaka mfupa, akainua bakuli na kulimaliza, akanirudishia. Nimekula kwenye mahoteli makubwa tangu hapo, sijawahi kuona mtu akila chakula kwa moyo namna hiyo.

Basi mimi nikatoka, nikafunga mlango, nikaketi kwenye kizingiti. Nilichora chini kwa kidole na kusikiliza. Nilingoja kichanga kilie. Jua likashuka, kuku wakaingia, nikasikia Mama akijigeuza kitandani, nikasikia akipiga chafya, lakini kichanga, hapana. Nikajiambia labda kwa sababu ni mara yangu ya kwanza, kitachelewa. Nililala hapo hapo, nikaamka asubuhi kwenye kitanda changu, nikakimbia kuangalia. Ile kanga niliyoikunja mara nne ilikuwa mikononi mwa Mama. Alikuwa amelala ameikumbatia, na ndani hakukuwa na mtu.

Siku hiyo Mama alitoka nje akaketi juani. Kesho yake akaomba uji. Watu wakasema Mungu ni mwema. Mimi sikuona wema wowote. Mtoto hakuja, na sababu niliijua mimi peke yangu duniani. Ni ule mwarobaini. Nilikuwa nimeogopa miiba, nikaogopa kuvuka mto, nikamkosesha Mama mtoto wake. Nikimwona ameshika ile kanga nilikimbilia nyuma ya jikoni. Mama akiniita sikuitika. Alidhani nimemkasirikia, naye hakuwa na nguvu ya kunifuata.

Susu alirudi alasiri moja, kiondo mgongoni, vumbi la Mwingi mpaka kwenye nyusi. Habari ilikuwa imemfikia kwa kuchelewa. Hakunisalimia hata. Aliingia kwa Mama moja kwa moja, nikamsikia Mama akisema, "Mwaitu," yaani mama, akamwita hivyo mara nyingi bila kuongeza neno, kisha wote wawili wakalia kwa sauti. Nilijua ndani ya kilio hicho jina langu limetajwa. Nilijificha jikoni na kungoja fimbo.

Susu akaja. Akaketi kwenye kigoda, akafunua sufuria yangu ambayo nilikuwa sijaiosha, akaingiza kidole kwenye masalio, akaonja. Akatema kwenye moto.

"Wajina. Hii ni nini?"

"Supu."

"Nani alikufunza kuweka sukari kwa supu?"

Hapo nikapasuka. Nililia nikamwambia yote, mwenye bucha, kichaka, miiba, gome la kanisani, na kwamba mtoto hakuja kwa sababu yangu, na kama anataka kunichapa anichape, lakini yeye apike ile ya kweli, mtoto aje, kwa sababu Mama anamngoja na kanga.

Susu hakucheka. Alinivuta katikati ya magoti yake. Mikono yake ilinuka moshi na tumbaku ya kunusa.

"Hebu niangalie. Mtoto mchanga anakunywa supu?"

"Hapana."

"Ana meno?"

"Hana."

"Sasa supu ni ya nani?"

Nilifikiria. "Ya mama yake."

"Ya mama yake. Mtoto huja na yeye mwenyewe, mimi huwa napata ameshafika. Huyu wetu pia alifika. Alifika kabla wewe kuwasha moto, mama yako akamwona, akamshika. Hakukaa. Hakuna gome lingemrudisha, langu ama lako." Akanipangusa kamasi kwa ncha ya leso yake. "Wewe hukumkosesha mtu kitu. Umesikia? Wewe ulimlisha mama yako."

Akatazama sufuria.

"Na nikuambie ingine, na usimwambie mtu mpaka nife. Ningekuwa hapa, mimi nisingempikia. Ningemletea uji kama mgonjwa. Hii mikono yangu haijawahi kupeleka chungu nyumba haina mtoto. Tuliambiwa ni vibaya, na sisi tukaacha wanawake walale na njaa." Akasimama, magoti yakalia. "Chukua panga. Twende ng'ambo."

Tulivuka mto pamoja. Alinionyesha jinsi ya kuingiza ncha ya panga kati ya miiba, akaniacha nibandue mwenyewe. Tulipofika nyumbani hakupika jikoni. Alipanga mawe matatu katikati ya uwanja, mahali ambapo kila anayepita njiani ataona, akaweka chungu hapo, na kila aliyemsalimia akauliza anapika nini alijibiwa kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Supu! Mkaza mwanangu amezaa!" Wengine waliinamisha macho wakaenda zao. Mwenye bucha alipita na baiskeli, akavua kofia.

Chungu kilikaa pale mpaka asubuhi. Susu alipekecha, povu likapanda, jeupe safari hii, na Mama akatoka akaketi kwenye mkeka kando ya moto, amejifunga ile kanga kifuani. Akapewa bakuli. Mimi nilikaa mbali kidogo, bado sijamzoea upya.

Ndipo Mama Kyalo akaja. Alikuwa amepinda mgongo chini ya mzigo wa kuni, kamba kwenye paji la uso, kuni nzuri kavu, za kupelekea mzazi. Alizitua kando ya jikoni, akajinyoosha, akakosa pa kuweka mikono. Aliangalia chini, akaangalia Susu, ambaye hakumsaidia hata kidogo, aliendelea tu kupekecha. Mwishowe akaja akaketi kwenye mkeka, bega lake karibu na bega la Mama, akauliza lile swali ambalo mwanamke huuliza akienda kuona mzazi, la kawaida kabisa, ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama.

"Alifanana na nani?"

Mama alishusha bakuli. Akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, akanyoosha mkono niende.

"Alifanana na huyu," akasema. "Masikio haya haya."

Akanishika sikio, taratibu, akamweleza Mama Kyalo habari za dada yangu mpaka supu ikapoa.